Kioo Nilichomtafutia Mama

Wadogo zangu, haipiti wiki bila mmoja wenu kunisimamisha pale Msimbazi na kuniuliza: "Da Tekla, ninunue kioo gani cha kompyuta? Nataka cha kuhariri picha, halafu jioni nikifunga kazi nicheze gemu kidogo." Mnauliza huku mnacheka, kama mtu anayeuliza chipsi nzuri zinauzwa wapi. Mimi moyo unanishtuka. Majibu ninayo, nimekaa mbele ya vioo hivyo tangu wengi wenu hamjazaliwa. Lakini mara ya mwisho nilipokwenda kununua kioo nilitoka nyumbani nikiwa fundi picha, nikarudi sijui mimi ni nani. Kwa hiyo nivumilieni. Nitawajibu, ila nitazunguka kidogo.

Kazi hii sikuichagua. Nilikuwa Kidato cha Pili alipofariki Baba, kuli wa bandarini, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Mama akaanza kuumwa, akaumwa sana, naye akaondoka. Tuliwazika wote wawili kwao Masasi, na baada ya mazishi ya Mama ndugu wakakaa kikao kutugawana: mimi huku, Devota kule, Kizito kwa shangazi. Devota ndiyo kwanza alikuwa ameanza darasa la kwanza. Kizito alikuwa hajaota hata jino. Nikasimama katikati ya kikao nikasema hatugawanywi. Sikujua nitawalisha nini; nilisema tu, na nikishasema jambo huwa sirudi nyuma. Tukarudi Dar, nikaacha shule, nikaenda kwa Mzee Haji, mwenye studio ya picha Kariakoo, kuomba kazi ya kufagia.

Baada ya muda Mzee Haji aliniingiza kwenye chumba cha giza, nikawa naanika picha zilizotoka kwenye dawa. Nilifanya kazi kwa woga, maana nikifukuzwa kuna midomo miwili nyumbani inanisubiri. Mzee alikuwa na desturi iliyowachekesha majirani. Picha haikabidhiwi kwa mteja mpaka yeye amesimama nayo mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja barabarani, akaitazama kwenye mwanga wa mchana. Watu wanaokatisha kwenda Mnazi Mmoja wanamsukuma, wa mikokoteni wanampigia kelele, yeye anaigeuza picha taratibu.

"Mzee, si uitazame humuhumu ndani?" nilimuuliza siku moja.

"Ndani kuna taa. Taa ina mambo yake."

"Na mkokoteni ukikugonga?"

"Utakuja kuniuguza. Lete hiyo nyingine."

Mzee alipochoka aliniachia studio, nami nikaendelea kusimama mlangoni. Dawa zikaondoka, zikaja kompyuta. Watu walidhani kompyuta imemaliza ubishi wa rangi. Wapi! Imeuongeza, kwa sababu sasa kati ya jicho lako na picha kuna kioo, na kioo nacho kina mambo yake.

Kosa langu la kwanza la kompyuta lilikuwa kosa la Kariakoo hasa. Duka letu ni jembamba, kiti kimoja, na hicho ni cha fundi. Mteja anasimama nyuma yako, anakuegemea begani na kukuamuru. Sasa akaja mama mmoja wa kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi. Mnajua kamati zetu: rangi ya sherehe ikishapitishwa, hata mlinzi wa ukumbi anaivaa. Wao walishona zambarau. Yule mama akasimama nyuma yangu, akasema, "Mbona zambarau yetu imepauka? Koleza." Nikakoleza. "Bado, dada. Koleza." Mimi niliyekaa niliona nguo inaelekea kwenye weusi, lakini mteja ndiye aliyevaa, nikasema labda anajua zaidi. Picha zikachapwa. Aliporudi kuzichukua alizifunua moja baada ya nyingine, akanyanyua macho.

"Dada, hii ni sendofu au ni arobaini?"

Kamati nzima ilikuwa imevaa msiba. Kisa chenyewe ni kwamba kile kioo kilikuwa cha aina ile ambayo ukiitazama kutoka juu inaonyesha rangi nyingine, na ukiitazama umekaa inaonyesha nyingine. Tulikuwa watu wawili tunatazama picha mbili tofauti na kila mmoja anaapa. Kwa hiyo, jambo la kwanza: dukani usikubali kuonyeshwa kioo ukiwa umesimama tu. Kaa. Simama. Nenda kushoto, nenda kulia, chuchumaa hata kama watu wanakucheka. Rangi ikihama, kiache hapohapo. Ulizia vile vinavyoitwa IPS. Vingi kati ya hivyo havina tabia hiyo. Na ukipata nafasi, nunua kiti cha mteja.

Kizito, yule asiye na jino, alikuja kuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, na ndiye niliyefanya naye kazi miaka ya mwisho. Mimi nilikuwa upande wa rangi, yeye upande wa mashine ya kuchapa. Jioni tukishusha nusu ya geti anachomeka vidhibiti vyake na kucheza gemu la mpira kwenye kioo kilekile cha kazi. Mimi nafunga hesabu, yeye anapiga kelele "Pasi! Pasi we!" kama kuna mtu anamsikia. Nilimvumilia. Kitu kimoja tu kilitugombanisha: kila akimaliza gemu anaacha kioo kwenye mpangilio wa gemu, ule unaong'arisha kila kivuli ili adui wa magemu ya vita asijifiche. Asubuhi nakaa, naona uso wa bibi harusi hauna kivuli hata kimoja, kama sahani. Kwa hiyo nyie wa gemu, nawaomba: mpangilio wa kazi ukae peke yake, na kabla ya kugusa picha hakikisha umerudi huko.

Mwaka ambao naanza kufikiria kupumzika, tuliamua kuyajengea makaburi ya Baba na Mama. Muda wote huo yalikuwa na misalaba ya mbao tu, tunabadilisha ikiliwa na mchwa. Sasa tuweke saruji, marumaru, na picha ya kila mmoja iliyochomwa kwenye kigae. Misa ikapangwa, ndugu wa Masasi wakaarifiwa. Ya Baba haikunisumbua. Ilitoka kwenye kitambulisho chake cha kazi, nyeusi na nyeupe. Ya Mama ndiyo iliyokuwa mtihani. Ilikuwa moja tu, ndogo, aliyopigwa na mpiga picha wa kutembea siku ya sikukuu: amevaa gauni la maua na kilemba cheupe, anataka kucheka lakini anajizuia. Ilikuwa ya rangi, lakini rangi ilikuwa imekufa yote ukabaki wekundu wa kutu. Kazi ya kuzirudisha rangi ikawa yangu. Devota anamkumbuka Mama wa kitandani tu. Kizito hamkumbuki kabisa. Duniani nilibaki mimi peke yangu ninayejua Mama alikuwa na rangi gani.

Fundi wa vigae aliniambia wazi: "Mama, mimi nachoma ulicholeta. Kikishatoka tanurini hakuna kufuta." Maneno hayo nilitembea nayo. Nilitengeneza picha ile polepole kuliko kazi yoyote ya mteja. Nikaona uso umerudi, shavu limerudi. Nikachapa nakala, nikampelekea Devota kwake Kigamboni. Nilivuka kwa kivuko cha Magogoni nimeishika picha kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

Devota aliipokea, akaisogeza karibu na macho, kisha mbali.

"Sema basi," nikamwambia.

"Da Tekla, mbona Mama anaumwa?"

"Anaumwaje?"

"Midomo. Midomo yake ilikuwa hivi siku za mwisho." Akaigeuza picha kifudifudi juu ya meza. "Usikasirike, Dada. Lakini usiniwekee huyu kaburini."

Nilirudi na kivuko. Niliitazama picha tena na tena, sikuona ugonjwa wowote. Nikamwonyesha Kizito. Alijikuna kichwa, akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kofi, "Imekaa kibluu, Dada. Na si hii tu. Ni muda sasa."

"Muda gani? Mbona hukusema?"

"Nilisema. Ukaniambia kioo cha simu yangu ni kichafu, nikifute."

Kweli, nilikuwa nimemwambia hivyo. Na kulikuwa na dada mmoja wa picha za pasipoti aliyelalamika kwamba nimempiga kama samaki aliyetoka kwenye friji, nikamjibu kwamba ni taa za ofisini kwao. Sasa nikaanza kukusanya vitu hivi kichwani na kila nilichokusanya kiliniongezea hofu. Nikapata wa kumlaumu: kioo. Kioo chetu kilikuwa cha siku nyingi, na vioo vikizeeka mwanga wake huingia umanjano. Kikiwa cha manjano, fundi anaongeza bluu ili aione picha sawa. Ikichapwa, bluu yote ile inatoka nje. Macho yangu yalishazoea kioo kibovu, ndiyo maana hata kwenye karatasi siioni. Maelezo yalikaa vizuri kabisa. Misa ilikuwa inakaribia, fundi wa vigae anapiga simu. Nikamwambia Kizito tunakwenda kununua kioo.

Tulikwenda kwa Mama Glory, Mtaa wa Aggrey. Huyu ni mtu wa Rombo, duka lake linauza vipya na vile vilivyotumika Ulaya, na tunajuana tangu wote wawili tuna viuno.

"Karibu, mpendwa! Leo umekuja na meneja wako?"

"Meneja anataka kile," Kizito akasema, akinyoosha kidole. Kilikuwa kioo kipana kilichopinda kama bati la mgongo wa tembo, na taa nyekundu nyuma.

"Hicho hezi mia moja na arobaini na nne, baba," Mama Glory akasema. "Mpira unauona mpaka nyuzi."

"Kimepinda," nikasema. "Nitajuaje kama ukuta wa kanisa umenyooka?"

"Dada, utazoea."

"Nikizoea ndiyo hatari yenyewe."

Tukabishana. Hapa niwaambie tulivyokubaliana, maana ndilo swali lenu. Hizo hezi ni idadi ya mara ambazo kioo kinabadilisha picha kwa sekunde moja. Picha ya harusi imesimama, haizihitaji. Mtu wa gemu la kujifurahisha akipata kama mia moja anatosheka. Zaidi ya hapo analipia mbwembwe. Cha msingi ni rangi zisizohama, kioo bapa, ukubwa wa inchi ishirini na nne kwa meza ya kawaida, na mguu unaopanda na kushuka ili shingo isikuume. Kama bajeti ni ndogo, kilichotumika si dhambi, mradi ukijaribu mwenyewe. Mama Glory akatoa kimoja cha namna hiyo. Kizito akashika kidhibiti, akakubali kwa kununa.

Nikaanza majaribio yangu. Kwanza tunazima mbwembwe za dukani: wauzaji huweka mwanga wa mwisho na rangi kali ili kioo kikuite kutoka mlangoni. Rudisha mpangilio wa kawaida. Pili, nenda na picha zako kwenye flashi, si zile za maua na kasuku zilizomo dukani. Mimi huwa na picha ya bwana harusi mweusi, suti nyeusi, shati jeupe. Kioo kizuri kitakuonyesha mshono wa suti na mikunjo ya shati kwa wakati mmoja, na kwenye uso utaona paji, shavu na kidevu vina weusi tofauti. Kioo kibaya kinaupaka uso wote lami. Tatu, fungua ukurasa wa kijivu kitupu, tafuta vidoa na pembe zinazovuja mwanga. Yote hayo kile kioo kilifaulu.

Lakini kilikuwa cha manjano.

"Kina umanjano," nikasema.

Mama Glory akaleta kingine. Nacho manjano. Akawasha kipya, kimetoka kwenye boksi, hata nailoni hajaitoa. Manjano. Nikasema labda ni taa za duka.

"Kizito, nipe karatasi."

Hili ndilo jaribio langu la mwisho, na ndilo ninaloliamini kuliko yote. Karatasi nyeupe ya fotokopi, mpya, unaishika kando ya ukurasa mweupe kwenye kioo. Vikifanana, kioo ni kizima. Kizito akaitoa kwenye bahasha. Nikaishika kando ya kioo. Vilifanana kabisa. Karatasi na kioo, vyote rangi ya chai ya maziwa.

"Hii karatasi umeitoa wapi? Imezeeka."

"Nimefungua rimu asubuhi, Dada."

"Basi walikuuzia rimu ya zamani."

Nikaichukua ile karatasi nikatoka nayo mlangoni, mguu mmoja ndani, mguu mmoja barabarani, jua la mchana limekaa juu ya Aggrey yote. Nikaigeuza taratibu. Mtu wa mkokoteni akanipigia kelele: "We mama, unasoma barua ya mchumba? Sogea!" Karatasi ilikuwa chai ya maziwa. Pale nje hamna taa, hamna kioo, hamna wa kulaumu. Nikashika mlango.

Mama Glory alikuwa ameshanifuata. Hakucheka.

"Mpendwa, funga jicho moja."

"La nini?"

"Funga la kulia. Mama yangu ilianza hivihivi."

Nikafunga la kulia. Karatasi ikapauka, ikawa kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nikafungua la kulia, nikafunga la kushoto. Ikawa chai yenyewe.

Mtoto wa jicho, yote mawili, la kulia limekomaa. Ndivyo walivyosema nilipokwenda kupimwa. Wanatibu, wanatoa kioo kibovu cha ndani ya jicho, wanaweka kingine, watu wanaona tena. Nilielezwa vizuri na kwa upole. Lakini siku ya kufanyiwa upasuaji ilikuwa baada ya misa, na misa haiwezi kusogea, ndugu wameshajipanga. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikawaza jambo moja tu. Mimi ninayemjua Mama siwezi kumwona. Kizito anayeona hamjui. Na kigae kikishachomwa hakuna kufuta.

Kioo tulikinunua, kile cha inchi ishirini na nne. Kizito alikifunga mezani, akaondoa mipangilio ya gemu bila kuambiwa, kisha akasimama pembeni akisubiri nikae. Nikamwambia akae yeye. Aliangalia kile kiti kama anaambiwa apande altareni.

"Dada, mimi rangi sijui."

"Macho unayo. Kaa."

Akakaa. Mimi nikasimama nyuma yake, nikamwegemea begani, nikawa mteja. Nilianza kumwamuru kwa kumbukumbu: punguza, ongeza, hapana, Mama hakuwa hivyo. Baada ya muda mfupi tulikuwa tumeiharibu picha kuliko mwanzo. Nikatoka nje kupumua. Pale mlangoni ndipo akili ikanirudia. Nilikuwa nimeishika karatasi kando ya kioo, na vilifanana. Jicho langu lilikuwa limenidanganya, lakini lilikuwa limedanganya vyote viwili kwa kiasi kilekile. Kulinganisha bado nilikuwa naweza. Nilichokosa ni kitu cha kushika kando ya Mama.

Nikarudi ndani.

"Kunja shati."

"Shati?"

"Kunja mkono wa shati, mpaka juu. Geuza. Hapa, ndani ya kiwiko, ambapo jua halijapachoma. Weka kando ya kioo."

Kizito akauweka mkono, bado haelewi.

"Devota alichukua rangi ya Baba," nikamwambia. "Hii ni ya Mama. Hii hii. Ulipozaliwa shangazi alisema Mama amejichapa nakala yake mwenyewe."

Aliutazama mkono wake. Aliutazama muda mrefu, mtu mwenye watoto wawili, kama ameuona leo.

"Siku zote hizi hukuniambia."

"Hukuuliza."

"Ningeuliza nini? Sikujua kama kuna la kuuliza."

Nikamwambia afanye kazi. Akafanya: mkono wa kushoto umelazwa kando ya kioo, wa kulia kwenye kipanya. Anasogeza kidogo, anatazama mkono, anasogeza. Alipofika kwenye kilemba akatumia namba. Programu zenu zina namba tatu za rangi; zikiwa sawa na zote ziko juu, pale ni peupe pasipo na ubishi. Zamani alipotaka kunifundisha nilimwambia sihitaji hesabu kuona weupe. Safari hii nilimwacha. Akazisawazisha, kilemba kikawa cheupe kabisa, na palepale uso ukaukimbia mkono, ukaingia umanjano.

"Namba zimekataa," akasema, sauti imepanda. "Kimoja ni uongo. Ama mkono, ama kilemba."

Tukatazamana. Hofu ikanirudia, maana kama mkono si wa Mama basi sina kitu kingine. Halafu nikasikia harufu. Nawaambia kweli, harufu ya beseni. Jumamosi Mama anasuuza vitambaa vyake vya kanisani, mara ya mwisho anatia bluu ya kufulia, kile kipande kilichofungwa kwenye kitambaa, maji yanageuka kama anga. Kilemba kile hakikuwa cheupe cha namba. Kilikuwa cheupe cha Mama, chenye bluu kwa mbali.

"Mkono ni wa kweli," nikasema. "Mwachie bluu yake kwenye kilemba. Kidogo. Alikuwa anaitia mwenyewe."

Akaachia. Uso ukarudi kwenye mkono.

Sasa mnaelewa kwa nini mkiniuliza kioo gani nachelewa kujibu. Nendeni mkanunue kile nilichowaeleza: bapa, rangi isiyohama, hezi kama mia ili wenye vidhibiti wasinune. Nendeni na flashi yenu, nendeni na karatasi. Kaeni, simameni, tokeni mlangoni. Lakini siku vioo vyote vya dukani vitakapokuwa vibovu kwa pamoja, fungeni jicho moja, halafu jingine. Msisubiri muwe na misa. Na kwenye picha ya mtu wenu, msitegemee kukumbuka; tafuteni kitu cha kushika kando yake.

Kigae kilipotoka sikuthubutu kukifungua. Nilikibeba kikiwa kwenye gazeti, nikakiweka mezani, nikampigia Devota kumweleza habari ya mkono na kumwambia avuke. Sisi watatu tukasimama dukani tunalitazama lile gazeti kana kwamba lina nyoka. Kizito ndiye aliyefungua. Akakichukua, akatoka nacho mlangoni bila mtu kumwambia, mguu mmoja ndani, mguu mmoja barabarani, akakigeuza kwenye mwanga.

Mimi niliona Mama wa chai ya maziwa. Kwa hiyo sikukitazama kigae. Nilimtazama Devota.

Alisogea karibu. Akagusa midomo ya Mama kwa kidole, halafu akaushika mkono wa Kizito, akalikunja shati, akauvuta mpaka ukakaa kando ya kigae. Akatazama huku, akatazama kule.

"Huyu," akasema, "alikuwa hajaanza kuumwa."